Michael Faraday, Mwana wa Mhunzi

Najua wengi wenu mmezoea kusoma humu ngano za Sungura na Fisi, mashairi ya kuwaaga kidato cha nne na vitendawili. Mwaka huu nimeomba nafasi ya kuandika maisha ya mtu wa Fizikia. Mwenzangu mmoja aliponiuliza Fizikia na Chama cha Kiswahili vinakutana wapi, nilimwambia kwamba mtu huyu hakujua hesabu ngumu hata kidogo. Alieleza mambo yote kwa maneno na michoro, na maneno ni kazi ya chama chetu.

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 mahali panapoitwa Newington Butts, kusini mwa mto Thames, sehemu ambayo leo imemezwa na jiji la London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi, tena mwenye afya mbovu. Hapa naomba nisimame kidogo. Sisi Wasomali tunajua vizuri jinsi wahunzi walivyotazamwa tangu enzi za mababu. Watu waliwategemea kwa visu, mikuki na mashoka, lakini kuwaozesha binti zao walikataa katakata. Jambo hilo mimi sijawahi kulielewa. Mtu anayekutengenezea kisu cha kuchinjia ngamia wako unamdharauje? Basi huyu Michael ni mtoto wa nyundo na moto, na ninataka tulikumbuke hilo tutakapofika mahali alipokuwa akitoa mihadhara huku waheshimiwa wa Uingereza wakimsikiliza kimya.

Nyumbani kwao walikuwa hohehahe. Inasimuliwa kwamba mwaka 1801, nafaka ilipopanda bei, Michael alipewa mkate mmoja ambao ulipaswa kumtosha wiki nzima. Sisi tulioona kiangazi cha kuanzia 2020 hadi 2023, mifugo ikilala chini isiinuke tena, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Masomo yake yalikuwa ya kusoma, kuandika na hesabu za kujumlisha na kutoa, basi. Alipofika umri wa miaka 13 aliacha shule akawa tarishi wa George Riebau, aliyekuwa na duka la kuuza na kujalidi vitabu katika barabara ya Blandford. Kazi yake ilikuwa kupeleka magazeti kwa watu na kuyarudisha. Mwaka uliofuata, 1805, akaandikishwa rasmi kujifunza ujalidi kwa muda wa miaka saba.

Sasa ona bahati ya mtu. Wengine wangejalidi kitabu wakakiweka rafuni. Yeye alikifungua kwanza. Ensaiklopidia ya Britannica ilipoletwa pale dukani kujalidiwa, alikutana na makala kuhusu umeme akaisoma yote. Akasoma pia kitabu cha kemia cha bibi mmoja aitwaye Jane Marcet, kilichoandikwa kwa njia ya mazungumzo. Kwa senti alizodunduiza alinunua vitu vidogo vidogo, na kwa chupa na mbao akajitengenezea mashine ya kutoa cheche. Kumbukeni hakuwa na mwalimu wa sayansi. Huku kwetu Kaskazini Mashariki walimu wa sayansi ni haba pia, na mara nyingine tunaupitisha muhula mzima na kitabu tu. Simtaji mtu. Nasema tu kwamba kitabu chenyewe kilimfikisha mahali.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tikiti za kwenda kusikiliza mihadhara minne ya Humphry Davy, bingwa wa kemia wa wakati huo, katika taasisi iitwayo Royal Institution. Faraday alikaa akaandika kila kitu, akachora vifaa vyote, kisha akayajalidi maandishi hayo kwa mkono wake mwenyewe yakawa kitabu cha kurasa kama 300. Akampelekea Davy pamoja na barua ya kuomba kazi. Nafasi haikuwapo. Lakini miezi michache baadaye msaidizi wa maabara alipigana akafukuzwa, na tarehe 1 Machi 1813 mjalidi wetu akaingia. Mshahara ulikuwa shilingi 25 za Kiingereza kwa wiki na vyumba viwili juu darini.

Safari yake ya Ulaya pamoja na Davy, kuanzia Oktoba 1813 hadi Aprili 1815, nitaipita haraka. Alikutana na Ampère huko Ufaransa na Volta huko Italia, watu ambao majina yao tunayaandika kila siku kama ampea na volti. Mke wa Davy naye alimfanya mtumishi wa kumbebea mizigo, mpaka Faraday akakaribia kurudi kwao. Alivumilia. Tarehe 12 Juni 1821 alimwoa Sarah Barnard, binti wa kanisa lao dogo, na waliishi pamoja mpaka kifo. Mungu hakuwajalia watoto.

Mwaka 1820 habari zilienea kutoka Denmaki kwamba Ørsted ameona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye umeme. Kumbe umeme na sumaku ni jamaa! Mwaka uliofuata Faraday aliufanya waya wenye umeme uzunguke sumaku bila kukoma, na hiyo ndiyo babu ya mota zote, hata ile iliyo kwenye feni na posho mili. Halafu akajiuliza kinyume chake. Ikiwa umeme huzaa sumaku, je, sumaku haiwezi kuzaa umeme? Alilifuata swali hilo kwa miaka kumi. Tarehe 29 Agosti 1831 alichukua pete ya chuma, akaifunga nyaya pande mbili. Alipounganisha betri upande mmoja, sindano upande wa pili ilishtuka. Alipokata, ikashtuka tena, safari hii kwa upande wa kinyume. Tarehe 17 Oktoba akaingiza sumaku ndani ya koili ya waya, sindano ikacheza. Akaichomoa, ikacheza kinyume. Sumaku ikitulia, hakuna kitu. Siri ni mwendo. Kabla Oktoba haijaisha alikuwa ameshazungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku na kupata umeme usiokatika, yaani jenereta ya kwanza.

Wenzangu, hapo ndipo vitabu vingi vya shule vinapomwacha, na hapo ndipo mimi nilipoanza kumpenda.

Tuelewe kwanza jambo moja. Mwaka 1687 Newton alionyesha kwamba kila kitu huvuta kingine, na kwamba ukiongeza umbali mara mbili mvutano hubaki robo, ukiongeza mara tatu hubaki sehemu moja ya tisa. Mwaka 1785 Mfaransa Coulomb alipima nguvu ya chaji za umeme, akakuta kanuni ya sura ileile. Mara mbili, robo. Mara tatu, moja ya tisa. Ukiziandika ubaoni kanuni hizo mbili zinafanana kama pacha, tofauti ni herufi tu. Palipo na uzito wa vitu viwili kwa Newton, pana chaji mbili kwa Coulomb. Mwanafunzi yeyote mwenye macho atauliza: je, hawa ni ndugu wa kweli au wamefanana tu barabarani?

Kwa sababu tofauti nazo zipo. Umeme una aina mbili, chanya na hasi, na zinazolingana husukumana. Mvutano wa uzito una aina moja, nao huvuta tu, haujasukuma mtu hata siku moja. Umeme unaweza kuukinga, Faraday mwenyewe mwaka 1836 alijenga chumba cha waya, akaingia ndani, akapigisha cheche nje bila kudhurika. Uzito haukingiki. Hujawahi kuona kabati ambalo ukiingia unaelea. Halafu kuna nguvu zenyewe. Kiangazi hapa Garissa, hewa ikikauka, chana nywele kwa chanuo la plastiki kisha lisogeze juu ya vipande vya karatasi. Vitaruka. Fikiri kidogo: dunia nzima, milima na bahari zake, inavivuta chini, na chanuo la shilingi ishirini linaishinda! Kati ya elektroni na protoni, nguvu ya umeme huizidi ile ya uzito kwa mara nyingi kiasi kwamba idadi yake ni 2 ikifuatiwa na sufuri 39.

Faraday hakuanza na kanuni hizo. Hesabu, nimeshasema, hakuzijua. Yeye aliona mistari. Kama umewahi kuburura sumaku ya spika mbovu kwenye mchanga wa laga ukaona chembe nyeusi zinavyosimama kama manyoya ya nungunungu, basi umeona alichokiona. Aliamini kwamba mistari ile ipo kweli, hata kama hakuna mchanga wa kuionyesha, na kwamba nafasi inayoizunguka sumaku si tupu bali imejaa nguvu. Nafasi hiyo leo tunaiita uga. Si ule wa mpira, ingawa nao una mipaka na mistari! Wakubwa wa wakati ule walisema nguvu huruka kutoka kitu hadi kitu bila kupita popote. Faraday alikataa. Na kama sumaku na umeme vina uga, kwa nini uzito usiwe nao?

Isitoshe, alikuwa mcha Mungu. Kwa imani yake Muumba ni mmoja, na nguvu alizoziweka duniani lazima ziwe na asili moja. Mwaka 1845 alishathibitisha kwamba sumaku inaweza kugeuza mwanga unaopita ndani ya kioo maalum. Umeme, sumaku, kemia, joto, mwanga, zote alikuwa amezishikanisha mikono. Iliyobaki peke yake nje ya boma ilikuwa nguvu ya mvutano.

Basi tarehe 19 Machi 1849 aliandika katika daftari lake la maabara kwamba mvutano lazima uwe na uhusiano na umeme unaoweza kuonekana kwa majaribio, na akaanza kupanga. Wazo lake lilikuwa rahisi, hata mtu wa kidato cha kwanza atalifahamu. Sumaku ikisogea karibu na koili, umeme unapita. Sasa, kitu kinachoanguka kinasogea karibu na dunia, na dunia ndiyo inayokivuta. Je, hakitatoa umeme kikianguka? Na kikipandishwa, hakitatoa umeme wa upande wa kinyume?

Alitengeneza koili nene ya waya wa shaba wenye urefu wa futi 350, akaunganisha nyaya ndefu mpaka kwenye galvanomita, kile kifaa cha sindano. Juu kabisa ya ukumbi wa mihadhara, futi 36 kutoka sakafuni, karibu mita 11, koili iliachiliwa ianguke juu ya mto laini uliowekwa chini. Mzee wa miaka hamsini na kitu, mwanasayansi mashuhuri kuliko wote Uingereza, akiangusha koili kutoka darini na kuangalia sindano! Naona kama watoto wa mtaani wangemwona wangecheka. Alijaribu na vipande vya shaba, bismathi, chuma na vingine ndani ya koili. Alijaribu pia kuvipandisha na kuvishusha haraka haraka kwa mashine.

Mara nyingine sindano ilitikisika. Hapo ndipo penye mtego. Mtu mwenye hamu angeruka akatangaza. Faraday alianza kujishuku. Akachunguza: nyaya zikiyumba ndani ya sumaku ya dunia zenyewe hutoa umeme kidogo. Akazisokota pamoja ili umeme huo ujifute. Akachunguza mtikisiko wa mashine, akauondoa. Kila alipoondoa kosa, sindano ilizidi kutulia, mpaka ikatulia kabisa. Jibu lilikuwa sufuri.

Hapa kuna atakayenikatiza aseme, ala, mbona sisi tunapata stima kwa maji yanayoanguka? Swali zuri, na jibu lake limepita mlangoni petu. Mto Tana kabla haujafika Garissa unapita kwenye mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma ilianza kazi mwaka 1968, Kiambere ikafuata mwaka 1988, na Gitaru yenye megawati 225 ndiyo kubwa kuliko zote. Kutoka Kindaruma kuna laini ya kilovolti 132 inayopitia Mwingi mpaka kwetu. Kweli, uzito wa maji ndio unaosukuma gurudumu. Lakini gurudumu linazungusha sumaku ndani ya koili, na umeme unazaliwa na sumaku ile, kwa ugunduzi wa Oktoba 1831. Uzito hapo ni kama punda wa kuvuta mkokoteni wa maji. Ungemfunga ngamia azungushe gurudumu hilo ungepata stima vilevile, ila ungehitaji ngamia wengi! Alichotafuta Faraday ni kama uzito wenyewe, bila sumaku katikati, unazaa umeme. Maji ya Tana yanapoporomoka yakiwa hayana turbini hayatoi stima. Yanatoa mafuriko, na hayo tuliyaona mwaka 2018, 2023 na 2024.

Sasa nirudi kwa sufuri ile. Tarehe 28 Novemba 1850 Faraday alisimama mbele ya Royal Society, baraza la wanasayansi wakubwa kabisa, akasoma makala yake yote kuhusu mvutano na umeme. Akaeleza alichotarajia, alivyojaribu, alivyodanganywa na sindano, na kwamba mwishoni hakupata kitu. Akaongeza kwamba kutopata huko hakujaitikisa imani yake kuwa uhusiano upo, ingawa hakukuwa na ushahidi wowote. Makala ikachapishwa.

Wenzangu, tusemezane ukweli. Sote tunajua neno kupika, na sisemi habari za jikoni. Pendulumu imekataa kutoa jibu la kitabuni, saa ya kusimamisha ni moja kwa meza tatu, kengele inakaribia, basi mtu anaanzia kwenye jibu anarudi nyuma mpaka kwenye vipimo. Grafu inanyooka kama barabara ya lami. Walimu wetu wapendwa, nanyi mnajua, kwa maana grafu iliyonyooka namna ile inapata alama nyingi kuliko ya yule aliyepima kweli akapata madoa yaliyotawanyika. Huyo wa madoa huambiwa arudie. Mimi naona jambo hili linatuumiza kuliko ukosefu wa vifaa. Laiti Faraday angefanya jaribio lake katika maabara zetu, sijui angepewa alama ngapi kati ya 20. Hakuwa na jibu la kitabuni la kupikia, kwa maana kitabu kilikuwa hakijaandikwa. Na mtu mwenye jina kama lake angetangaza kwamba sindano ilicheza, nani angethubutu kumpinga? Watu wangepotea njia miaka mingi.

Mwaka 1859, akiwa na miaka 67, alirudia tena. Safari hii alikwenda kwenye mnara wa kutengenezea risasi uliokuwa karibu na daraja la Waterloo, akapandisha na kushusha vipande vizito vya madini ya risasi ili aone kama vitapata chaji au joto vikibadilisha kimo. Sufuri nyingine. Aliandika makala akaipeleka mwaka 1860, lakini mwanahesabu Stokes, aliyekuwa katibu wa baraza, alimshauri asiichapishe, naye akaiondoa. Kwa maoni yangu Stokes alikosea. Ile ya kwanza ilichapishwa na dunia haikuanguka.

Wakati huo kijana mmoja kutoka Skotilandi, James Clerk Maxwell, alikuwa ameshaisoma mistari ya Faraday na kuigeuza kuwa hesabu. Mzee alimwandikia mwaka 1857 akimwomba kwamba watu wa hesabu wakishapata majibu yao, wayaandike pia kwa lugha ya kawaida ili sisi wengine tuyatumie. Nasema sisi wengine kwa sababu mimi nipo upande huo. Katika barua zao za mwaka huo waliujadili mvutano pia, na Maxwell alikubali kwamba hata sayari zinaweza kuchorewa mistari ya nguvu. Baadaye, mwaka 1865, alijaribu kuuingiza mvutano katika hesabu za uga akakwama. Kwa kuwa uzito huvuta tu, hesabu ilimpa nishati iliyo chini ya sufuri katika nafasi, na hakuona hilo linawezekanaje. Akaliacha.

Mwaka 1893 Oliver Heaviside, naye mtu wa London asiyewahi kukanyaga chuo kikuu, aliandika makala ya kulinganisha mvutano na sumakuumeme. Aliwaza hivi: kama chaji ikitembea huzaa nguvu ya pili ambayo ndiyo sumaku, basi huenda uzito ukitembea nao huzaa nguvu ya pili, mfano wa sumaku ya uzito. Einstein alipoleta nadharia yake ya mvutano mwaka 1915, nguvu hiyo ya pili ilipatikana ndani yake. Ila ni ndogo ajabu. Setilaiti ya Gravity Probe B iliyorushwa mwaka 2004 ilibeba tufe nne zinazozunguka kama pia, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha kwamba mzunguko wa dunia unazigeuza tufe hizo kwa kiasi cha kama sehemu moja ya laki moja ya digrii kwa mwaka. Na mawimbi ya mvutano, ndugu wa mawimbi ya redio, yalinaswa kwa mara ya kwanza tarehe 14 Septemba 2015. Kwa hiyo uga wa uzito upo, unatikisika, una mawimbi. Alichokikosa Faraday ni kitu kimoja: haugeuki kuwa umeme kwenye waya.

Hata Afrika Mashariki imo katika habari hizi. Mwaka 1933 na 1934 Mwingereza Edward Bullard alizunguka nchi zetu akipima mvutano kwa pendulumu, akakuta kwamba katika Bonde la Ufa umepungua kidogo kuliko inavyotarajiwa. Baadaye mtu huyohuyo alishughulikia asili ya sumaku ya dunia, akaieleza kama jenereta kubwa iliyo ndani ya chuma kilichoyeyuka, jamaa wa ile sahani ya shaba ya Faraday. Mtu mmoja alishika uzito kwa mkono wa kulia na sumaku kwa mkono wa kushoto, lakini hakuweza kuviunganisha. Einstein naye alihangaikia kuunganisha mvutano na sumakuumeme mpaka alipofariki mwaka 1955. Mpaka leo hakuna aliyefaulu.

Miaka ya mwisho ya Faraday ilikuwa ya usahaulivu. Tangu karibu 1840 alikuwa akiugua kichwa na kumbukumbu zilimtoroka, wakati mwingine hakukumbuka jambo alilolifanya wiki iliyopita, ndiyo maana aliandika kila kitu na kukipa namba. Alitakiwa kuwa rais wa Royal Society akakataa. Cheo cha kuitwa Sir pia alikikataa. Mwaka 1858 malkia Victoria alimpa nyumba ya kukaa huko Hampton Court. Kwa miaka mingi alikuwa amewafundisha watoto wakati wa Krismasi, bure kwa upande wake wa maringo, akiwaonyesha mshumaa na kuwaeleza kila kinachotokea ndani ya moto wake.

Jaribio lake la mwisho lilikuwa tarehe 12 Machi 1862. Aliweka mwali wa moto kati ya ncha za sumaku kubwa aone kama rangi za mwanga wake zitabadilika. Hazikubadilika, akaandika hivyo, na daftari lilikuwa limepita namba 16,000. Mwaka 1896 Mholanzi aitwaye Zeeman alilirudia kwa vifaa bora zaidi, rangi zikabadilika, na mwaka 1902 akapata tuzo ya Nobel.

Faraday alifariki akiwa ameketi kwenye kiti chake huko Hampton Court tarehe 25 Agosti 1867. Alikuwa ameagiza mazishi ya kawaida na jiwe la kawaida kabisa. Akazikwa katika makaburi ya Highgate, London, na juu ya jiwe wakaandika jina lake, siku aliyozaliwa na siku aliyofariki.